Zvanaronak wa Pili wa Texas

Jumapili, wiki moja tangu nirudi, baada ya ibada mlinizunguka pale kwenye maegesho ya kanisa, kila mmoja na sahani yake, mkitaka kujua kama nilimkuta. Nikasema nilimkuta. Mkapiga vigelegele. Nikaingia kwenye gari nikaondoka, na najua nyuma mlinisema, kwamba Felista siku hizi ana maringo, amepata ndugu Mzungu. Sasa naandika mara moja kwa wote, ili nisije nikaulizwa tena.

Kwa wale waliojiunga na kwaya juzi, jina langu ni Felista Zvanaronak, mzaliwa wa Morogoro, muuguzi, mkazi wa Mansfield. Jina hilo la pili ni la Kibelarusi. Baba yangu alikuwa daktari, aliletwa Tanzania enzi za Warusi, akawekwa Morogoro, akampenda mama yangu aliyekuwa mhudumu wa wodi. Kabla sijatimiza siku arobaini akaitwa kwao, na serikali yao ikamzuia kurudi. Hivyo ndivyo alivyomuaga Mama, ndivyo Mama alivyonisimulia, na ndivyo nilivyowasimulia ninyi miaka yote hii.

Mama hakuolewa tena. Aliandika barua kwenda Minsk, kwenye anwani aliyoachiwa, tangu nikiwa natambaa mpaka nikaweza kumwandikia bahasha mimi mwenyewe. Nyumba yetu iko karibu na reli, treni ikipita vikombe vinacheza kabatini na hakuna anayegeuza shingo. Lakini ndege ikipita Mama alikuwa anaacha ungo, anakinga jua kwa kiganja, anaitazama mpaka iishe, kisha anarudi kwenye mchele wake. Mimi nilidhani akina mama wote wanafanya hivyo.

Jina lenyewe lilinitesa. Mwalimu akiita mahudhurio alikuwa akifika kwangu anavua miwani, anaipangusa, anaivaa tena, darasa zima linacheka kabla hajafungua mdomo. Na hapa Marekani ni hivyo hivyo, nesi mkuu ameamua kuniita Miss Z. Nilimwomba Mama mara nyingi tulibadilishe. Alikuwa anasema baba yako akirudi atakutafuta kwa jina gani.

Mwaka huu binti yangu mkubwa akanionyesha ukurasa mtandaoni unaohesabu majina ya ukoo. Unaandika jina, ramani ya dunia inakutolea nukta. Huko Belarusi kwenyewe nukta zilikuwa chache mno, zimejikusanya kaskazini. Nchi nyingi hazikuwa na hata moja. Texas ilikuwa na mbili. Moja ilikuwa Mansfield, ndiyo mimi. Nyingine ilikuwa Houston.

Nilimtafuta huyo wa Houston mpaka nikampata kwenye mtandao. Picha yake ilikuwa ya Bikira Maria, jina la kwanza herufi D tu. Nikamwandikia kwa Kiingereza, nikamuuliza kama anamfahamu daktari mwenye jina hili aliyewahi kufanya kazi Tanzania. Akajibu siku hiyo hiyo: ndiyo tunamfahamu sana, Mungu amrehemu, njoo, mama yangu atakueleza kila kitu. Nikasoma mara ishirini. Mama yangu atakueleza. Kwa hiyo baba alirudi kwao akaoa, akazaa, na mjane wake na mwanawe wanaishi mwendo wa saa nne kutoka kwangu.

Nilipompigia Mama kumwambia, hakulia wala hakushangaa. Ana zaidi ya miaka sabini, moyo wake unachoka hata akitoka chumbani kwenda uani. Alisema hana ugomvi na mwanamke huyo. Ana swali moja tu anataka nimuulize, kama barua zake zilifika. Akijua hilo, alisema, atapumzika.

Hilo tu ndilo lililonipeleka Houston.

Mansfield mpaka DeSoto

Gari langu lilikuwa gereji, kwa hiyo nilikwenda na Mama Shiko, Mkenya wa DeSoto mnayemjua kwa sauti yake ya kwanza. Dada yake amejifungua kule Katy, upande wa pili wa Houston, na yeye alikuwa anampelekea unga wa uji na maneno ya ushauri. Binti yangu alinifikisha kwake Jumamosi asubuhi. Tulikubaliana kuondoka saa mbili. Saa tatu na nusu Mama Shiko alikuwa bado anatafuta chaja.

Nilikuwa nimepika pilau, sufuria kubwa, ile ya sikukuu. Msinicheke. Sikujua Wabelarusi wanakula nini, lakini nilijua siwezi kwenda kwa mjane wa baba yangu mikono mitupu. Niliifunga kwa kitambaa, nikaiweka kiti cha nyuma, nikaivalisha mkanda. Mama Shiko akaitazama, kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha Pasaka.

"Feli, na si ungempigia tu video call?" akauliza. "Ungemwona uso, ujue ni nani, before tu-drive four hours."

Nikamwambia nataka kumwona ana kwa ana. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu akikukatia simu huna la kufanya, lakini mtu akikufungulia mlango, lazima akutazame.

DeSoto mpaka Corsicana

Baba Shiko ni dereva wa lori, na malori ya nchi hii yamejaa watu wa Ulaya ya Mashariki. Alikuwa na mwenzake Mbelarusi, jina lake Ales, akamwomba atusubiri kwenye kituo cha malori karibu na Corsicana, anisomee hilo jina. Tulichelewa saa nzima lakini tulimkuta. Mtu mrefu, amechoka, amevaa kandambili na soksi, anakula mbegu za alizeti na kutema maganda kwenye kikombe cha karatasi.

Nilimwonyesha kitambulisho changu. Akalitamka jina vizuri, polepole, na naona aibu kusema kwamba machozi yalinilenga. Miaka arobaini na zaidi nimekuwa nalo na sikuwahi kulisikia likitamkwa na mwenye lugha yake. Mama alilitamka kwa Kiluguru chake na mimi nikalifuata hivyo hivyo.

Akanieleza kwamba sehemu ya mbele ni mpiga kengele wa kanisa, na ile ya mwisho ni mtindo wa watu wa kaskazini, upande wa Vitebsk, maana yake mtoto wa fulani. Kwa hiyo ni mtoto wa mpiga kengele. Zamani kila kanisa lilikuwa na mtu wa kuvuta kamba, mtu mdogo tu, maskini, na watoto wake wakaitwa kwa kazi yake. Nikamuuliza mbona limekuwa adimu. Akatema ganda. Alisema vijiji vya upande ule vilichomwa wakati wa vita, watu wakiwa ndani, na kuna ukoo mzima ulikuwa wa kijiji kimoja tu. Kijiji kikiisha, jina limekwisha. Yeye amewahi kuliona mara moja maishani, kwenye jiwe la kumbukumbu, limeandikwa mara nyingi mfululizo kutoka juu mpaka chini.

Mama Shiko alikuwa ameacha kutafuna andazi lake.

Nikamwambia kuna mwingine Houston. Ales akaitikia kwa kichwa, kwa uhakika wa mtu asiyehitaji kufikiri. "Basi huyo ni damu yako," akasema kwa Kiingereza chake kizito. "Jina dogo namna hii halina wageni."

Akanifundisha kusema habari za mchana kwa Kibelarusi. Dobry dzień. Nilirudia mpaka akaridhika. Tukampa maandazi sita kwenye mfuko, akatushika mikono, akapanda lori lake. Kuanzia pale mpaka Buffalo nilikuwa nanong'ona dobry dzień dirishani, na Mama Shiko akaniambia nikiendelea atanishusha.

Nawaambia ukweli, nilikuwa na furaha. Niliwaza kwamba kazi yangu mimi ni kuitikia kengele za wagonjwa kutwa nzima, kumbe niliirithi. Upuuzi wa namna hiyo ndio nilikuwa naufikiria.

Madisonville

Kabla ya kufika Madisonville magari yalisimama. Lori lililobeba marobota ya nyasi kavu lilikuwa limepinduka mbele, hakuna aliyeumia, ila nyasi zilikuwa zimefunika barabara kuu yote na upepo ulikuwa unazidi kuzisambaza. Tulisimama hapo zaidi ya saa mbili. Watu wakazima injini, wakashuka, wakafungua milango ipate hewa. Jua lilikuwa kali na hapakuwa na mti.

Saa ya kwanza ilipokwisha Mama Shiko akaanza kugeuka nyuma kuitazama sufuria. Nikamwambia hapana. Saa ya pili ilipoanza akasema ana sukari, jambo ambalo sijawahi kulisikia tangu nimfahamu. Nikafungua. Nilisema tutachota juu tu, pembeni, nitasawazisha.

Harufu ya pilau ikatembea kati ya magari. Akaja mzee mmoja Mzungu, kofia pana, kiatu cha ngozi, akauliza kwa adabu sana hicho ni nini. Mama Shiko akamjazia kwenye kifuniko cha plastiki. Akaja mama wa Kimeksiko na watoto wawili, wakatupa machungwa, wakapewa pia. Yule mzee alikula amesimama, akaniuliza naenda wapi nimependeza hivyo. Nikasema naenda kumwona kaka yangu kwa mara ya kwanza, tumechangia baba. Akavua kofia. Akasema mwambie kaka yako ana bahati.

Simu ikalia, ilikuwa Mama. Huko kwao usiku ulikuwa umeingia. Akauliza tumefika. Nikasema bado, foleni. Akanikumbusha swali lake, kana kwamba ningeweza kulisahau, kisha akaongeza la pili kwa sauti ndogo, kwamba nimwangalie huyo kijana kama ana lile pengo la meno mbele. Nikasema nitaangalia. Akasema asante mwanangu, nenda salama.

Barabara ilipofunguliwa sufuria ilikuwa imebaki nusu. Nilisawazisha kwa kijiko lakini sufuria ya nusu ni sufuria ya nusu.

Houston, kusini-magharibi

Tuliingia Houston jua likiwa bado juu, tukazunguka sana, maana ramani ya simu ilituleta mara tatu kwenye uzio wa nyuma. Yalikuwa majengo ya matofali ya ghorofa mbili mbili, nguo zimeanikwa kwenye vizuizi vya ngazi. Chini ya ngazi wanawake wawili waliovaa vitenge walikuwa wanachambua maharage. Mama Shiko akasema hapa si kwa Wazungu, dada yangu. Nikamwambia maisha ni magumu kwa kila mtu. Akaniacha pale na sufuria yangu, akaahidi kunifuata kesho.

Nikapanda ngazi. Nikabisha. Mlango ukafunguliwa na bibi mfupi, mweusi, kilemba cheupe, rozari shingoni. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa saa sita, nikamwambia dobry dzień.

Akanitazama. Akaitazama sufuria. Kisha akasema kwa Kiswahili, karibu mwanangu, ingia, utaungua na hicho chuma.

Alikuwa Bibi Perpetua, Mrundi, na mwanawe ndiye alikuwa D. wangu, Deogratias, Deo, mtu wa miaka thelathini na kitu, mfanyakazi wa ghala, mweusi kuliko mimi mara mbili. Alinikumbatia kama watu tuliopotezana. Watoto wake watano walijipanga wakanisalimia kwa Kiingereza. Mke wake alikuwa kazini, hotelini. Mezani palikuwa tayari na ugali wa muhogo, dagaa, na maharage yaliyoungwa mawese, harufu yake imejaa nyumba. Pilau yangu ikapokelewa bila mtu kuuliza nusu nyingine iko wapi.

Nikakaa. Nilikuwa natabasamu kwa sababu sikujua nifanye nini na uso wangu. Nikadhani labda nimekosea mlango. Lakini ukutani, pembeni ya Bikira Maria, palikuwa na picha kubwa ya Mzungu amevaa kaptula ya kaki, amembeba mtoto mchanga mweusi, anacheka. Pengo la meno mbele linaonekana wazi. Mimi picha ya baba ninayo moja tu, ya pasipoti, amenuna. Mtoto mikononi mwake sikuwahi kumwona.

"Dada, wewe ulizaliwa kijiji gani?" Deo akauliza. "Kasulu kwenyewe, ama ndani ndani?"

Sikumwelewa. Akanieleza kwa furaha kwamba tangu nimwandikie amekuwa akijiuliza daktari alizalisha watoto wangapi wengine wakapewa jina lake, yeye alidhani yuko peke yake. Ndipo nikaelewa alivyonielewa. Kwao Warundi hakuna jina la ukoo kama letu. Kila mtoto anapewa lake, kwa jambo lililotokea au kwa mtu wanayemheshimu. Kaka yake Deo ni Nduwayo, dada yake ni Nahimana, tumbo moja baba mmoja. Yeye akapewa Zvanaronak. Walipoletwa Marekani karatasi zikataka jina la mwisho, likaandikwa hilo, na watoto wake wote watano wakazaliwa nalo.

Bibi Perpetua hakuwa anakula. Alikuwa ananitazama mimi, kisha ukutani, kisha mimi tena. Deo akamwomba anisimulie, kama walivyoniahidi, na yeye akasimulia, ila polepole, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini.

Walikuwa wamekimbilia Kigoma zamani, wakiishi vijijini upande wa Kasulu. Uchungu wa Deo ulimshika siku mbili, wakambeba kwa baiskeli mpaka hospitali. Daktari Zvanaronak alimpasua akamtoa mtoto mzima na mama mzima. Kabla ya kuruhusiwa alimuuliza daktari, nitajie jina la mtoto wako wa kwanza nimpe huyu, nikushukuru.

"Akasema hana mtoto," Bibi Perpetua alisema. "Nikamuuliza, hata kwenu? Akasema hata kwetu, jina langu litaisha na mimi. Basi nikamwambia, daktari, haliishi. Mpe huyu. Akalia, mwanangu. Alimshika hivi unavyomwona pale, akalia."

Niliuliza hiyo ilikuwa mwaka gani. Akanitajia.

Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa Morogoro, mwalimu anavua miwani. Ndio mwaka nilioanza kumwandikia Mama bahasha za Minsk kwa mwandiko wangu, kwa kuwa wangu ulikuwa umepita wake kwa uzuri. Na yeye alikuwa Kigoma. Si Ulaya, si kwenye mikono ya serikali yoyote. Alikuwa nchi ile ile, anakula dagaa.

"Bibi," nikasema, "mimi sikuzalishwa naye. Mimi ni mwanawe."

Deo akaweka kijiko chini. Bibi Perpetua akasema alikuwa ameshaona, tangu mlangoni, macho ni yale yale, ila alikuwa anamwomba Mungu awe amekosea. Akafunika mdomo kwa ncha ya kilemba. Watoto, ambao Kiswahili wanakisikia lakini wanajibu wanavyotaka, wakaulizana kwa Kiingereza kama na mimi ni Zvanaronak. Walilitamka sawasawa, wote, bila kujikwaa. Bibi yao aliwafundisha alivyofundishwa na mwenyewe.

Nikauliza yaliyobaki. Daktari alikaa kule miaka kama kumi na miwili. Aliwahi kusema aliomba mwenyewe apelekwe mbali, kwamba huko alikotoka, mjini, kulikuwa na mambo yalimshinda. Sikuuliza mambo gani. Nilikuwa nimekaa hapo na kitenge changu cha Pasaka, mambo yenyewe ni mimi. Nchi yake ilipovunjika akarudi kwao, na miaka michache baadaye daktari mwingine akawaletea habari kwamba amefariki. Kila mwaka wanamsomea misa.

Hapo ndipo nilipokasirika kweli, na sikukasirika na watu wale, ingawa walidhani hivyo. Bibi Perpetua alinishika mikono yote miwili akasema walichukua jina langu bila kujua, nisamehe. Nikasema hakuna wa kusamehewa hapa chumbani. Huyo wa kusamehewa ana misa kila mwaka na picha pembeni ya Bikira Maria. Mama yangu ana sanduku la nakala za barua.

Jumapili asubuhi, mezani kwa Deo

Nililala kwenye kochi, kama kulala ni kufumba macho. Simu ya Mama sikuipokea jana yake. Asubuhi, kabla hawajaenda misa, niliwaeleza ninachotaka. Nitampigia Mama nimwambie Deo ni mdogo wangu kwa baba, amezaliwa huko huko Ulaya baada ya baba kurudi, na kwamba barua zilikuwa zinafika lakini zinashikwa ofisini, akapewa chache akiwa mgonjwa, akazisoma. Deo aseme ni kweli.

Deo akakataa. Alisema kwa upole, lakini alikataa, hawezi kuongopa na misa iko mbele. "Nitamsalimia mama yako, na nitasema ukweli ninaoujua mimi," akasema. "Hayo mengine utasema wewe, dada."

Nikayasema mimi. Niliyasema vizuri, mnanijua nikiamua. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Nikampa Deo simu.

Akasema shikamoo Mama. Akasema daktari alikuwa mtu mwema kwao, alimpenda, na hajawahi kumsahau. Kila neno lilikuwa kweli na kila neno lilinichoma. Mama akamuuliza kazi gani anafanya, watoto wangapi, kama mama yake mzima. Akamwambia amsalimie mama yake. Niliporudishiwa simu akasema tu kwamba amesikia, amefurahi, na betri inaisha.

Nikatoka nje kwenye ngazi nikapumua. Nilidhani nimemvusha.

Kurudi

Mama Shiko alinifuata mchana. Nilimweleza yote kabla hatujafika Huntsville. Karibu na Fairfield akasema, "Feli, your mum alikuwa mjinga wa mtu mjinga zaidi." Kisha akaomba msamaha. Nikamwambia asiombe.

Sufuria ilikuwa kiti cha nyuma na mkanda wake. Bibi Perpetua aliirudisha imejaa maharage ya mawese, maana kwao chombo hakirudi kitupu. Pale Madisonville nyasi zilikuwa bado zimeshika kwenye uzio wa barabara. Nilimkumbuka yule mzee wa kofia na nikamchukia bure, mtu wa watu hakunikosea kitu.

Mama Shiko aliniuliza kama sasa nitalibadilisha jina. Nilifikiri sana juu ya hilo. Binti zangu wana jina la baba yao. Ile ramani ikihesabu tena, nukta ya Mansfield itakwisha na mimi, na ile ya Houston itaongezeka, maana mkubwa wa Deo yuko sekondari na wadogo zake wanne wako nyuma yake. Baba alisema jina litaisha na yeye, Mrundi mmoja aliyekuwa na mshono tumboni akamkatalia. Mwenye damu ndiye ambaye hakuhesabiwa. Nikasema nitaliacha lilivyo, kulibadilisha ni kumrahisishia.

Mansfield

Jumatatu nilikuwa sina zamu. Mama akapiga asubuhi yangu, jioni yake. Aliuliza kama nimeamka vizuri, kama wajukuu wamekwenda shule, kama huku ni joto. Kisha akasema:

"Yule kijana anaongea kama mtu wa Kigoma."

Nikasema labda ni simu. Nikasema labda alijifunza Kiswahili kwa watu wa huko, hapa Texas wako wengi. Nilikuwa na la tatu pia, tayari mdomoni.

"Felista."

"Abee Mama."

"Pale wodini nilifanya kazi na Waha wa Kigoma miaka kumi na tisa." Alikuwa anahema, nadhani alikuwa ametoka uani. "Baba yako alikuwa Kigoma?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwa ajili ya swali lake, na sasa alikuwa ananiuliza mimi, si mjane wa mtu yeyote. Nikasema ndiyo.

"Mpaka lini?"

Nikamwambia mpaka nilipomaliza shule ya msingi. Nikasikia kuku wake, nikasikia mtu akipita na baiskeli akimpa shikamoo, na yeye akaitikia marahaba kama kawaida.

"Treni ya Kigoma inapita hapa nyuma," akasema. "Miaka yote hiyo. Na mimi nilikuwa natazama ndege."